Wito wa juri Marekani: tathmini ya huduma kuanzia bahasha ya samansi hadi kiapo

Tathmini hii inaangalia huduma ya juri, yaani kundi la raia wa kawaida wanaoitwa kuamua kesi, katika mahakama za shirikisho za Marekani (zile za serikali kuu, mbali na za majimbo) kwa macho ya mtu aliyeitwa, kuanzia siku bahasha inapoingia kwenye sanduku la barua hadi anapoapishwa kusikiliza kesi au anapoambiwa arudi nyumbani. Imeandikwa kwa wasomaji wa Kiswahili waliokwisha kupata uraia wa Marekani, na pia kwa wenye grinikadi, kwa sababu bahasha hiyo huwafikia wote. Anayetoka Tanzania amezoea habari za wazee wa baraza, ambao humpa jaji maoni yasiyomfunga. Juri ya Marekani haifanani nayo. Katika kesi ya jinai, wajumbe wa juri ndio wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, na wakisema hana, jaji hawezi kuligeuza neno lao.

Hukumu yetu kwa ufupi ni hii: fomu ni nzuri, malipo ni mabovu, kusubiri kunachosha bila sababu, na usaili wenyewe, yaani yale maswali ya mahakamani kabla ya kuchaguliwa, ni bora kuliko sifa uliyonayo mitaani. Na karibu kila kinachoharibika katika safari hii huharibika pale mtu anaponyamaza mahali alipotakiwa kusema.

Bahasha na fomu ya maswali

Majina huchotwa kwa kubahatisha kutoka daftari la wapiga kura, na wilaya nyingi za mahakama, yaani maeneo waliyogawiwa mahakama za shirikisho, huongeza orodha ya wenye leseni za udereva. Utaratibu huu unatokana na sheria ya mwaka 1968. Kabla ya hapo, mahakama nyingi za shirikisho ziliwategemea watu mashuhuri wa mji wapendekeze majina, na kwa kawaida walipendekeza waliofanana nao. Sheria ile ilisema juri itokane na jamii nzima, na kwetu sisi hiyo ndiyo sehemu ya huduma hii inayostahili heshima kubwa kuliko zote.

Wilaya nyingine hutuma kwanza fomu ya maswali peke yake, kisha samansi ifuate baada ya wiki au miezi. Nyingine hutuma vyote kwenye bahasha moja. Soma vizuri ulichonacho mkononi. Fomu ya maswali inauliza kama unafaa kuitwa. Samansi inakupa tarehe ya kufika. Wapo wanaojaza fomu wakadhani wamemaliza, samansi ikija wanaitupa wakiidhani ni barua ileile imerudiwa.

Fomu hurudishwa ndani ya siku 10. Wilaya nyingi hupokea majibu kwa intaneti: unaingia kwa namba ya mshiriki iliyochapishwa kwenye fomu, herufi tatu za mwanzo za jina la mwisho, na tarehe ya kuzaliwa. Hapa watu wetu hukwama mara nyingi. Mtu anayetumia jina lake, la baba na la babu huenda aliandikishwa kwa mpangilio tofauti kwenye hati ya uraia, kwenye leseni na kwenye daftari la wapiga kura. Tumia jina la mwisho kama lilivyochapishwa kwenye bahasha yenyewe, hata kama limekosewa, kisha ulisahihishe ndani ya fomu. Ikigoma, pigia ofisi ya karani wa mahakama. Makarani wa juri kwa kawaida hujibu kwa upole na wana uwezo wa kurekebisha palepale.

Masharti ni machache. Uwe raia wa Marekani, umri miaka 18 au zaidi, uwe umeishi katika wilaya ile ya mahakama kwa mwaka 1, uweze kusoma, kuandika na kuelewa Kiingereza kiasi cha kujaza fomu hiyo mwenyewe, na uweze kukizungumza. Usiwe na ugonjwa wa mwili au akili unaokuzuia kutumikia. Usiwe na shtaka linaloendelea, au hatia ya zamani, ya kosa linaloweza kuadhibiwa kwa kifungo cha zaidi ya mwaka 1, isipokuwa kama haki zako za kiraia zimerudishwa. Zingatia neno "linaloweza": kinachotazamwa ni adhabu ambayo kosa lingeweza kubeba, hata kama wewe ulipigwa faini tu. Wanajeshi walio kazini, askari polisi na wazimamoto wa kuajiriwa, pamoja na viongozi wa umma wa kazi ya kudumu, wameondolewa kabisa katika juri ya shirikisho, wapende wasipende.

Sharti la Kiingereza ndilo linalotafsiriwa vibaya kuliko yote. Lafudhi si kasoro. Kutojua istilahi za sheria si kasoro. Jaji huzieleza kwa kila mtu, na mzaliwa wa pale naye hazijui. Raia mpya anayejitoa mwenyewe kwa kuandika kwamba Kiingereza chake hakitoshi, ilhali ameijaza fomu nzima bila msaada, anaipunguzia juri mtu ambaye sheria inamtaka. Kama kweli husomi Kiingereza, andika hivyo na ueleze nani amekujazia. Mahakama za shirikisho hazimpi mjumbe mkalimani wa lugha ya kigeni. Jimbo la New Mexico limekwenda njia nyingine katika mahakama zake: katiba yake inamlinda raia asiyejua Kiingereza asizuiwe kukaa kwenye juri, na mkalimani hutolewa. Viziwi, kwa upande wao, hupatiwa mkalimani wa lugha ya alama.

Ukiwa bado si raia

Kwa kuwa orodha za leseni hutumika, fomu humfikia mwenye grinikadi, mwenye viza ya kazi, hata mwanafunzi. Kupokea fomu hakukufanyi raia. Jibu "hapana" kwenye swali la uraia, tia saini, irudishe, na ubaki na nakala. Mambo mawili hayafai kabisa. La kwanza ni kuitupa, kwa sababu mahakama haiwezi kujua kwa nini umenyamaza. La pili ni kujibu "ndiyo" kwa kuona haya au kwa kudhani ukaazi wa kudumu unatosha. Kujidai raia ni kosa la jinai, na katika sheria ya uhamiaji kunaweza kumfungia mtu mlango wa uraia na kumweka kwenye hatari ya kuondolewa nchini. Fomu ya kuomba uraia inauliza jambo hilo waziwazi.

Kuna mtego mmoja zaidi ambao maelezo ya mahakama hayausemi kwa sauti ya kutosha. Ikiwa jina lako limechotwa kutoka daftari la wapiga kura nawe si raia, maana yake uliandikishwa, pengine kimakosa ulipokuwa ukichukua leseni. Jibu lako la "hapana" katika baadhi ya maeneo hupelekwa kwa maofisa wa uchaguzi. Bado hilo ndilo jibu sahihi, lakini muone mwanasheria wa uhamiaji ndani ya zile siku 10, kabla ya kuituma fomu.

Kuhusu matapeli: anayekupigia simu akisema hukufika kwenye juri, hati ya kukukamata imetolewa, na ulipe faini leo kwa kadi za zawadi au kwa kutuma pesa, huyo ni mwizi. Mahakama haikusanyi faini kwa simu wala haiulizi namba yako ya hifadhi ya jamii kwa njia hiyo. Kata simu, tafuta mwenyewe namba ya ofisi ya karani, uulize. Huenda tapeli akataja jina la jaji wa kweli na namba ya kesi. Hayo yote yanapatikana hadharani.

Kuahirishiwa na kusamehewa

Haya ni mambo mawili tofauti na huduma huyatendea tofauti. Kuahirishiwa ni kuhamishiwa tarehe nyingine, na ombi la kwanza kwa kawaida hukubaliwa bila shida ikiwa umelituma mapema na umependekeza kipindi utakachoweza. Kusamehewa ni kuondolewa kwenye zamu hiyo kabisa, na huko ngazi ni ndefu. Wilaya nyingi huwasamehe wakiomba watu waliozidi miaka 70, waliotumikia juri ya shirikisho ndani ya miaka 2 iliyopita, na wazimamoto wa kujitolea. Nje ya hapo, unatakiwa kuonyesha ugumu usio wa kawaida.

Ombi zuri ni fupi na lina ushahidi. "Nina kazi nyingi" halifiki popote, kwa sababu kila aliyeitwa ana kazi. "Ninamhudumia mama yangu mgonjwa, hakuna mwingine nyumbani, hii hapa barua ya daktari" linafika. Tiketi ya ndege iliyolipwa kabla ya samansi kufika inasikilizwa. Iliyonunuliwa baadaye inatia shaka. Mtihani wa chuo, upasuaji uliopangwa na kunyonyesha ni sababu za kawaida za kuahirishiwa, na makarani wamezizoea. Kosa kubwa ni kukaa na sababu hiyo hadi asubuhi ya siku yenyewe. Karani angeitatua kwa dakika chache wiki tatu kabla. Mbele ya jaji, watu 50 wakiwa wameketi nyuma yako, inakuwa vigumu zaidi kwa wote.

Anayepuuza samansi anaweza kuitwa aje ajieleze mbele ya jaji, na sheria inaruhusu faini hadi dola 1,000, kifungo hadi siku 3, kazi za kijamii, au mchanganyiko wa hayo. Adhabu hizohizo zinamhusu aliyedanganya kwa makusudi kwenye fomu ili akwepe au ili achaguliwe.

Malipo: nyota mbili kati ya tano

Mahakama ya shirikisho hulipa dola 50 kwa siku, na baada ya siku 10 za kesi moja jaji anaweza kuruhusu hadi dola 60. Juu ya hizo kuna fidia ya maili za kwenda na kurudi, na ukilazimika kulala mbali na nyumbani, posho ya malazi na chakula. Tunza risiti za maegesho na za barabara za kulipia. Mtumishi wa serikali ya shirikisho hapewi zile dola 50, ila mshahara wake unaendelea. Fedha haitolewi mkononi siku hiyo. Hufuata baada ya wiki kadhaa, na mwenye kodi ya nyumba inayodaiwa tarehe 1 asiipigie hesabu.

Mwajiri haruhusiwi kukufukuza, kukutisha wala kukunyanyasa kwa sababu ya juri ya shirikisho, na akifanya hivyo anaweza kutozwa hadi dola 5,000 kwa kila kosa kwa kila mfanyakazi. Lakini sheria ya shirikisho haimlazimishi akulipe mshahara kwa siku ulizokosekana. Hapo ndipo huduma inapomuumiza dereva, mhudumu wa wagonjwa majumbani, na kila anayelipwa kwa saa. Mwenye mshahara usiohesabu saa za ziada ana ulinzi kidogo: wiki ambayo amefanya kazi hata siku moja, mwajiri hawezi kumkata kwa sababu ya juri, ingawa anaweza kupunguza kiasi kile alicholipwa na mahakama. Anayejiajiri hana chochote zaidi ya dola 50.

Majimbo yana viwango vyao, na tofauti ni kubwa mno kwa nchi moja. California hulipa dola 15 kwa siku, tena kuanzia siku ya pili. Massachusetts imepata njia ya haki zaidi: siku 3 za kwanza mwajiri hulipa mshahara wa kawaida, na kuanzia ya nne jimbo hulipa dola 50. Colorado nayo inamtwisha mwajiri siku 3 za kwanza, hadi dola 50 kwa siku. Tungependa kuona mfano wa Massachusetts ukienea. Maadamu malipo ni haya, watu wa kipato cha chini wataendelea kuomba msamaha, na viti vitaendelea kujazwa na wastaafu na waajiriwa wa kampuni zenye nafasi.

Malipo ya juri ni kipato cha kutozwa kodi. Kama mwajiri amekulipa mshahara kamili akakutaka umkabidhi hela ya mahakama, iandike kwenye hesabu za kodi kama kipato, kisha ikatwe kwenye sehemu ya marekebisho. Wengi huisahau hatua ya pili.

Jioni ya kuamkia na ukumbi wa kusubiri

Samansi ikikuweka kwenye kundi la kusubiri kuitwa, unapiga namba ya kujibu yenyewe au unaangalia tovuti jioni ya kuamkia siku iliyotajwa. Usiangalie asubuhi tu, na usiangalie mchana ukaridhika: kesi hufutwa au kumalizwa kwa makubaliano hadi saa za mwisho, na taarifa hubadilika. Kipindi cha kuwa tayari hutofautiana kwa wilaya, wiki kadhaa hapa, mwezi au zaidi kule. Sheria inasema ndani ya miaka 2 mtu asilazimishwe zaidi ya siku 30 za juri ya kesi, isipokuwa kumaliza kesi aliyoianza.

Fika na samansi na kitambulisho chenye picha. Ukaguzi mlangoni ni kama wa uwanja wa ndege: visu vidogo, mikasi na dawa za kupulizia machoni hazipiti. Simu ni suala la kila jengo. Mahakama kadhaa za shirikisho huzizuia kabisa au huzihifadhi mlangoni, kwa hiyo soma maelekezo kabla ya kutoka na uandike kwenye karatasi namba za watu wa nyumbani. Beba sweta, kitabu cha karatasi, dawa zako na chakula kidogo. Watoto usiwalete; majengo mengi hayana mahali pao.

Kusubiri ndiyo sehemu dhaifu ya siku. Kuna video ya maelezo, kisha saa nyingi za ukimya. Sababu ipo, na ingewafariji watu kama wangeambiwa: mara nyingi mshtakiwa hukubali kosa, au wadaiwa hupatana, pale tu wanapojua kwamba watu wa juri wamekwisha kufika jengoni. Waliokaa ukumbini siku nzima bila kuitwa wametumika, ila hakuna anayewaeleza. Mahakama inayomtuma jaji kuja kusema maneno mawili ya namna hiyo inastahili nyota ya ziada.

Kwa nini wanaitwa watu wengi hivyo

Hesabu yake inaeleweka ukiipanga. Kesi ya kosa kubwa la jinai inahitaji wajumbe 12. Mwendesha mashtaka ana mapingamizi 6 ya kumwondoa mtu bila kutaja sababu, na upande wa utetezi una 10. Jaji akitaka wajumbe 2 wa akiba, kila upande huongezewa pingamizi 1. Jumla ni 12 na 2 na 7 na 11, yaani watu 32 ambao lazima wabaki baada ya wenye matatizo kuondolewa. Ndiyo maana wanapandishwa 45 au 60 kwenye chumba cha mahakama. Katika kesi ya adhabu ya kifo kila upande una mapingamizi 20, na idadi inapanda sana. Kesi ya madai ni nyepesi: juri ni ya watu 6 hadi 12, kila upande una mapingamizi 3, hivyo kwa juri ya watu 8 wanatosha 14 wasio na kasoro.

Namba uliyopewa ina uzito. Baadhi ya majaji huwaketisha 12 kwenye viti vya juri, huwauliza, na kila anayeondolewa kiti chake hujazwa na anayefuata. Wengine huwauliza wote kwanza, kisha mawakili hupitisha orodha na kufuta majina, na waliobaki wa kwanza kwa namba ndio juri. Kwa vyovyote, wa namba 3 yuko karibu na kiti kuliko wa namba 48. Lakini wa 48 asilale: swali lililoulizwa mbele linaweza kurudishwa kwake baada ya saa mbili kwa maneno mafupi, "Kuna yeyote ambaye angejibu ndiyo?"

Usaili wenyewe: nyota nne na nusu

Wote mnaapishwa kwanza kusema kweli. Jaji anaeleza kesi kwa sentensi chache, anawatambulisha mawakili na wahusika, na anasoma majina ya mashahidi. Katika mahakama za shirikisho jaji ndiye anayeuliza sehemu kubwa. Katika mahakama nyingi za majimbo mawakili huuliza wenyewe, kwa muda mrefu na kwa ukali zaidi.

Maswali yanazunguka mambo yaleyale: kazi yako na ya mwenzi wako, kama umewahi kuwa kwenye juri, kama unamjua yeyote aliyetajwa, kama wewe au jamaa wa karibu amewahi kushtakiwa, kudhulumiwa na mhalifu, au kufanya kazi ya polisi, na kama una imani au msimamo utakaokuzuia kumhukumu mtu. Katika jinai utaulizwa pia kama unakubali kwamba mshtakiwa halazimiki kusema neno, na kwamba ukimya wake hauhesabiwi kuwa hatia.

Kwa Mswahili, "jamaa wa karibu" ni neno la kuangaliwa. Mahakama ina maana ya mume au mke, wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja. Kwetu, mtoto wa baba mdogo ni kaka, na aliyekulea ni mama hata kama hakukuzaa. Usijifiche nyuma ya tafsiri yao. Ikiwa huyo unayemwita kaka alifungwa, au shangazi yako alivamiwa, inua mkono useme, ueleze uhusiano, uwaachie waamue. Na yaliyotokea kabla ya kuhamia yanahesabika: uporaji, polisi waliokutesa, kesi ya shamba iliyodumu miaka, maisha ya kambi ya wakimbizi. Swali halikusema "Marekani tu".

Kuna kosa la lugha linalowaangusha hata wenye Kiingereza kizuri. Sisi tukiulizwa "Humjui huyu?" hujibu "Ndiyo", tukimaanisha ndiyo, simjui. Kwa Kiingereza "ndiyo" hiyo inasikika kama kukiri kumjua. Jibu kwa sentensi nzima: sema humjui. Tena jibu kwa sauti, maana mwandishi wa mahakama anaandika maneno na hawezi kuandika kichwa kinachotikiswa.

Ukiulizwa kama unaweza kutenda haki, epuka "nitajaribu". Jibu hilo huzaa maswali mengine matano, kwa kuwa jaji anatafuta ama "naweza" ama "siwezi, kwa sababu hii". Jambo la aibu au la uchungu, omba kulisema faragha. Jaji atakuita pembeni pamoja na mawakili, na mahakama nyingi huwasha sauti ya mvumo ili wengine wasisikie. Huduma hii ni ya bure, ipo kila mahali, na watu wengi hawaitumii kwa kutojua tu.

Uzito wa haya yote unaonekana kesi inapokwisha. Mahakama Kuu ya Marekani, ile ya juu kabisa nchini, ilisema mwaka 1984, katika kesi ya McDonough, kwamba upande ulioshindwa unaweza kupata kesi mpya ukionyesha kuwa mjumbe hakujibu kwa uaminifu swali la maana, na kwamba jibu la kweli lingetosha kumwondoa. Mashahidi, familia, gharama, vyote vinaanza upya kwa ajili ya mkono mmoja usioinuliwa.

Kuondolewa

Pingamizi la sababu halina idadi: mtu akionekana wazi kuwa na upendeleo, jaji anamtoa. Pingamizi lisilotajiwa sababu ndilo lenye idadi, na ndilo lenye doa. Kwa miaka mingi lilitumika kuwaondoa watu weusi. Mwaka 1986, katika Batson dhidi ya Kentucky, Mahakama Kuu ilikataza kumwondoa mtu kwa rangi yake. Mwaka 1994 ikaongeza jinsia. Wakili akishukiwa, anatakiwa kutoa sababu isiyo ya rangi, na jaji anaamua kama ni ya kweli. Shida ni kwamba sababu ni rahisi kutunga. Jimbo la Washington liliweka kanuni kali zaidi mwaka 2018, na Arizona ikayafuta kabisa mapingamizi hayo kuanzia 2022. Sisi tunaona Arizona imefanya sahihi.

Ukiondolewa, hutaambiwa kwa nini. Unarudi ukumbini, na siku ileile unaweza kupelekwa kwenye kesi nyingine. Ukibaki, unaapishwa mara ya pili, kiapo cha juri, na kuanzia hapo hutafuti jina la yeyote kwenye intaneti wala huzungumzi kesi, hata na mwenzi wako. Katika baadhi ya mahakama, wa akiba hajui kuwa ni wa akiba hadi mwisho, kwa hiyo sikiliza kama mwenye kiti. Kabla ya kuondoka, chukua kwa karani hati ya mahudhurio yenye tarehe zote. Ofisi ya mishahara kazini kwako itaitaka.

Shahidi anapozungumza Kiswahili

Mjumbe anayejua lugha ya shahidi yuko mahali pagumu, na fomu haimwandai. Ushahidi ni ule wa Kiingereza unaotolewa na mkalimani wa mahakama, ili wajumbe wote 12 wahukumu kwa maneno yaleyale. Katika kesi ya Hernandez ya mwaka 1991, Mahakama Kuu ilikubali wakili awaondoe wajumbe wanaojua Kihispania waliosita kusema kama wangeweza kumfuata mkalimani. Hivyo ukiulizwa, sema unakijua Kiswahili, na sema wazi kama utaweza kuishika tafsiri rasmi.

Kisha tuseme umechaguliwa, na mkalimani ametafsiri "amenipigia simu" kana kwamba shahidi alipigwa kwa simu. Usiwanong'oneze wenzako, wala usilihifadhi hadi mtakapojifungia kujadili. Andika kwenye karatasi kwamba unadhani kuna neno limekosewa, taja ni lipi, mpe askari wa mahakama amfikishie jaji. Jaji atalizungumza na mawakili na mkalimani bila juri kuwepo, na kama kuna kosa, litasahihishwa mbele ya wajumbe wote.